Michezo ya Ubao: Vita, Mtaji na Faida

(Mazungumzo yaliyotolewa msikitini baada ya Sala ya Isha)



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad s.a.w., napenda kuyajibu kwa urefu kidogo maswali ambayo wazazi wamekuwa wakiyaleta kuhusu michezo ya ubao iliyoingia majumbani mwetu. Mingine huja katika masanduku ya kadibodi, zawadi ya mjomba aliyeko Ulaya au Marekani. Mingine huchezwa ndani ya simu ya mkononi. Miwili ndiyo inayotajwa zaidi: ule wa kununua viwanja na kutoza kodi ya pango, uitwao Monopoly, na ule wa kuteka nchi zote za dunia kwa majeshi, uitwao Risk. Wazazi wanauliza: je, ni halali?

Swali hilo nitalijibu. Lakini lipo swali jingine ambalo halikuulizwa, nalo naliona zito kuliko hilo. Mtoto akikaa mbele ya ubao kwa saa tatu, huwa anatii sheria fulani. Akiitii kwa furaha, anaizoea. Je, sheria hiyo inamzoesha nini?

Waliyoyasema maulamaa

Kurani Tukufu katika Sura Al-Maidah imeharimisha kamari pamoja na ulevi, na ikaeleza sababu: kwamba shetani hutumia mambo hayo kutia uadui na chuki baina ya watu na kuwazuia wasimkumbuke Mwenyezi Mungu wala wasisali. Kwa hiyo mchezo wowote ambao wachezaji wanawekeana fedha, aliyeshinda achukue na aliyeshindwa apoteze, hauna mjadala, uwe wa ubao, wa karata au wa mpira wa miguu. Vijana wetu wanaopeleka fedha zao kwenye vibanda vya kubeti kila Jumamosi wasitafute fatwa katika mazungumzo haya.

Ama michezo isiyo na dau, hapo maulamaa wamezungumza mengi. Mtume s.a.w. aliukemea mchezo wa nard, ambao ni mchezo wa dadu uliotoka Uajemi, kwa mfano mkali wa unajisi wa nguruwe, kama ilivyopokelewa katika Sahih Muslim. Kuhusu sataranji walihitilafiana. Wengi katika madhehebu nyingine waliikataza, lakini Imam Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, aliihesabu kuwa ni makuruhu tu, na wafuasi wake wakaweka masharti: kusiwe na dau, Sala isicheleweshwe, na ulimi usichafuke kwa matusi na viapo vya uongo. Mafakihi wa Kishafii wa zama za baadaye walitofautisha mchezo unaotegemea hesabu na fikra na ule unaotegemea bahati. Katika kundi la kwanza waliutaja mchezo wa mashimo uitwao manqala, ambao ni jamaa wa bao letu. Wazee wanaocheza bao barazani baada ya Alasiri watafurahi kulisikia hilo, ila wasisahau sharti la Sala, kwa maana Magharibi haimngojei mtu amalize kete zake.

Msafiri na mwanahistoria Al-Masudi, aliyefika katika pwani hii ya Afrika Mashariki mnamo mwaka 916, amesimulia katika kitabu chake maneno ya baadhi ya wanafikra wa Kiislamu kuhusu michezo hii miwili. Walisema kwamba aliyeunda sataranji aliamini mtu ana uwezo wa kuchagua na kutenda, na aliyeunda nard aliamini kila kitu kimekwisha amuliwa na mtu hana analoweza. Sina haja ya kuingia katika mabishano yao. Nalileta hilo ili tuone kwamba tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita Waislamu walikwisha tambua kwamba ndani ya mchezo imo itikadi.

Sasa Monopoly huchezwa kwa dadu mbili. Wapo maulamaa wanaolipeleka katazo la nard kwenye kila mchezo wa dadu, na wapo wanaolifunga kwenye kamari. Mwenye mashaka na aache. Hakuna aliyepata hasara kwa kuacha mchezo. Lakini hata dadu zikiondolewa, bado zimebaki sheria za mchezo wenyewe, na hizo ndizo nataka tuzitazame.

Mchezo wa viwanja

Kila mchezaji huanza na fedha 1,500 za karatasi. Anazunguka ubao, na kila anapopita mahali pa kuanzia hupewa mshahara wa 200. Akisimama kwenye kiwanja kisicho na mwenyewe, anakinunua. Mwenzake akisimama hapo anamlipa kodi. Akimiliki viwanja vyote vya rangi moja anajenga nyumba, kisha hoteli, na kodi inapanda mara nyingi. Mchezaji aliyekosa fedha huweka kiwanja chake rehani benki akapata nusu ya thamani yake, na akitaka kukikomboa hulipa alichokopa na asilimia 10 juu yake. Akiwiwa na mwenzake deni asiloweza kulilipa hata baada ya kuuza na kuweka rehani, humkabidhi huyo mwenzake kila alichonacho na kutoka mchezoni. Mchezo unakwisha wote wakiwa wamefilisika isipokuwa mmoja.

Tuyatazame mambo haya kwa macho ya Mwislamu. Ile asilimia 10 ni riba. Mtoto wa miaka minane, ambao ndio umri ulioandikwa kwenye sanduku, anaihesabu kwa vidole na kuilipa bila kushtuka, kama vile ni jambo la maumbile. Na yule mdaiwa aliyeshindwa? Kurani Tukufu katika Sura Al-Baqara, mara tu baada ya aya za kuharimisha riba, imeagiza kwamba mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na kumsamehe kabisa ni bora zaidi. Katika mchezo hakuna nafasi ya kufanya hivyo. Anayemsamehe mwenzake kodi anaonekana mjinga, na ndugu zake watamcheka. Nimeshuhudia watoto wa tumbo moja wakifika mahali hapo, mdogo analia na mkubwa anachekelea, na baba yao anasema kwa fahari, "Huyu atakuwa mfanyabiashara."

Kuna jambo lililojificha zaidi. Nyumba zilizomo katika sanduku ni 32 tu na hoteli 12. Wachezaji hodari wanajua kwamba ni faida kujenga nyumba nne kila kiwanja na kukataa kuzigeuza hoteli, ili nyumba ziishe benki na wenzao wasipate hata moja ya kujenga. Hiyo kwa lugha ya sheria yetu inaitwa ihtikari, kuficha au kuzuia kitu watu wakihitaji ili bei ipande au mshindani aumie, na Mtume s.a.w. amemhesabu mwenye kuifanya kuwa ni mkosaji. Tunaijua vizuri. Kila inapokaribia Ramadhani sukari hupotea madukani, kisha hurudi ikiwa na bei mpya. Aliyeifungia ghalani hakujifunza kwenye ubao, lakini anacheza kwa kanuni ileile, na pengine siku ya Ijumaa anakaa safu ya mbele.

Na zile 1,500 za kuanzia zinadanganya kuliko riba yenyewe. Kwa kuwa wote wameanza sawa, mtoto anaelewa kwamba aliyefilisika hakujua kucheza. Duniani mtoto wa mwenye nyumba na mtoto wa mpangaji hawaanzi na fedha sawa. Mmoja amezaliwa akiwa na hati ya kiwanja, mwingine amezaliwa akiwa na deni la baba yake. Mtu aliyelelewa kuamini kwamba maskini ni mchezaji mbaya atakuwa na tabu siku atakapoambiwa kwamba katika mali yake imo haki ya mwombaji na ya aliyenyimwa.

Huenda msikilizaji akasema: huu ni mchezo wa Wamarekani, tungetazamia nini? Hapo ndipo inafaa tujue historia yake, kwa sababu aliyeuanzisha alikuwa na nia iliyo kinyume kabisa.

Mchezo huo ulibuniwa na mwanamke wa Kimarekani, Elizabeth Magie, aliyezaliwa mwaka 1866 na kupata kufanya kazi ya hatimkato. Alikuwa mfuasi wa mwanauchumi Henry George, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1879, Progress and Poverty, alidai kwamba ardhi haikuumbwa na mtu yeyote, na kwa hiyo kodi inayotokana na ardhi ni mali ya watu wote na iingie katika hazina ya umma. Bibi huyu alitaka watu waone kwa macho yao jinsi wenye ardhi wanavyowakamua wasio nayo. Akaunda ubao, akauita Mchezo wa Mwenye Ardhi, na mwaka 1904 akapewa hataza, yaani hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Katika ubao wake mlikuwa na nyumba ya maskini, na mlikuwa na shamba la lodi mmoja wa London ambalo aliyelikanyaga alipelekwa jela. Baadaye mchezo ukawa na kanuni za namna mbili kwa ubao uleule: za kwanza zilimfanya mmoja awe tajiri na wengine wafilisike, na za pili ziliipeleka kodi ya ardhi katika hazina ya pamoja. Alitumaini wachezaji wakizijaribu zote mbili wataichukia ile ya kwanza.

Yaliyotokea ni mengine. Watu walinakili mchezo kwa mikono, ukapita nyumba hadi nyumba kwa miaka 30, na kanuni za pili zikaanguka njiani. Bwana mmoja aitwaye Charles Darrow aliufundishwa nyumbani kwa marafiki, akautengeneza, na mwaka 1935 akauuza kwa kampuni ya Parker Brothers kama kitu alichokibuni yeye. Akawa milionea. Kampuni ilipogundua kwamba ipo hataza ya zamani, ilimwendea Bibi Magie na kuinunua kwa dola 500, bila fungu lolote katika mauzo. Alifariki mwaka 1948, na dunia haikulijua jina lake mpaka mchumi Ralph Anspach, aliyeingia katika kesi katika miaka ya 1970 kwa sababu ya mchezo wake wa kuupinga ukiritimba, alipochimbua habari hizo ili kuzitumia mahakamani.

Ndugu zangu, hapa pana la kutisha. Mtu aliweka dhulma ubaoni ili ichukiwe, na watu wakaipenda. Maelezo yalipotengana na mchezo, mchezo ulibaki ukifundisha peke yake, na somo lake lilikuwa tamu. Basi mzazi anayemwachia mtoto sanduku na kwenda zake, akidhani mtoto ataona mwenyewe ubaya wa kufilisi watu, anafanya kosa ambalo Bibi Magie alilifanya kabla yake.

Ramani isiyo na watu

Nije kwenye mchezo wa vita. Risk ulitolewa Ufaransa mwaka 1957, na aliyeubuni ni Albert Lamorisse, mtengeneza filamu mashuhuri kwa filamu ya mtoto na puto jekundu. Ni ajabu mtu mwenye moyo mpole namna ile kubuni mchezo ambao jina lake la kwanza lilikuwa Kuiteka Dunia. Dunia imegawanywa katika nchi 42. Afrika yote imepewa nchi sita, na moja yao imeandikwa "Afrika Mashariki". Ukiishika Afrika nzima unaongezewa majeshi matatu kila zamu. Ulaya, ambayo ni ndogo, inakupa matano.

Vijana wetu wanaitupia dadu Afrika Mashariki na kucheka. Mimi sioni dhambi katika kicheko hicho, lakini inafaa wajue kwamba jambo hilo limewahi kufanywa na watu wazima mbele ya ramani ya kweli, na kwamba jeshi moja lililopigana katika ardhi yetu ndilo lililokuwa na desturi ya kujifunza vita mezani.

Jeshi hilo ni la Prussia, baadaye la Ujerumani. Mwaka 1812 Baron von Reisswitz alimwonyesha mfalme wa Prussia mchezo wa vita wa mezani, na mwaka 1824 mwanawe, ofisa wa mizinga, akautoa ukiwa umekamilika: ramani za kweli, vibao vya vikosi, dadu za kuamua hasara, na mwamuzi. Jenerali von Müffling, aliyekuwa mkuu wa maofisa wa mipango ya vita, aliutazama na kukiri kwamba huo haukuwa mchezo bali skuli ya vita, akaupendekeza kwa jeshi zima. Kutoka hapo mataifa mengine yakaiga.

Vita Kuu ilipofika Afrika Mashariki mwaka 1914, kila upande ulikuwa na ramani zake na hesabu zake. Ambacho hakikuwa na kibao chake juu ya meza ni mabega ya watu. Mamia ya maelfu ya Waafrika walichukuliwa, wengi kwa nguvu, kubeba mizigo ya majeshi kwa miguu, na makumi ya maelfu wakafa kwa maradhi, njaa na uchovu kabla vita havijakwisha mwaka 1918. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam, kama lile la Kariokor kule Nairobi, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi wa Waingereza. Tunanunua nyanya na vitenge juu ya kumbukumbu yao.

Tena mchezo wa vita unaweza kumdanganya hata bingwa wake. Mwanzoni mwa Mei 1942, ndani ya manowari Yamato, makamanda wa Kijapani walicheza mezani shambulio walilokuwa wakilipanga dhidi ya kisiwa cha Midway. Maofisa waliokuwepo walisimulia baadaye kwamba dadu zilipotupwa, manowari zao za kubeba ndege zilipigwa mabomu tisa, na mbili, Akagi na Kaga, zikahesabiwa zimezama. Admirali Ugaki, aliyesimamia mchezo, akaamuru mabomu yahesabiwe matatu, na hata Kaga iliyobaki imezama ikarudishwa katika sehemu iliyofuata. Mwezi uliofuata, kuanzia tarehe 4 Juni, Akagi na Kaga zilizama kweli, pamoja na Soryu na Hiryu, na Wajapani zaidi ya 3,000 wakafa. Safari hii hakuwapo wa kuzirudisha.

Sisemi kwamba kujifunza mpango wa vita ni haramu. Mtume s.a.w. mwenyewe alisikiliza shauri la Salman Mfursi katika vita vya Khandaki, na handaki likachimbwa. Lakini yeye na masahaba zake walichimba kwa mikono yao na njaa wakaionja matumboni mwao. Waliujua uzito wa vita. Mtoto anayejua vita kwa dadu tu hana pa kuupatia uzito huo, isipokuwa mtu mzima amwambie.

Nyumbani tufanye nini

Baadhi ya ndugu watapenda niseme: yachomeni masanduku yote. Sisemi hivyo, kwa sababu simu zitabaki. Napendelea mzazi akae chini acheze nao.

Tunalo bao letu. Kete ni 64, kila mchezaji 32: anapanga 10 ubaoni, sita kati yake zikiwa katika nyumba, na 22 zinabaki mkononi. Bao nalo ni vita, tena neno mtaji, ambalo sokoni ni fedha ya kuanzia biashara, katika bao ni kula kete za mwenzako. Wazee walijua kwamba mambo hayo mawili yana udugu. Ila hakuna dadu, hakuna riba, na kete zilizoliwa hazitolewi nje. Zinapandwa upande wa aliyekula na zinaweza kurudi. Mtoto akishindwa anajua ni hesabu yake iliyomwangusha.

Na kama lile sanduku la viwanja limo ndani tayari, lichezwe mara mbili. Mara ya kwanza kwa kanuni zilizoandikwa. Atakapofilisika wa kwanza, mchezo usimamishwe hapohapo, na aulizwe yule aliyefilisika anajisikiaje, na mwenye hoteli aulizwe alifanya kazi gani kuipata ile kodi. Wenye nyumba za kupangisha waliomo humu, ambao humtaka mpangaji alipe kodi ya mwaka mzima kabla hajaingiza godoro, nao waulizwe na watoto wao. Mimi nitakuwa nimepumzika.

Mara ya pili wacheze kwa kanuni zile za Bibi Magie zilizosahauliwa. Lisiwepo deni la asilimia 10. Kodi ya kiwanja iwekwe katikati ya ubao, katika hazina ya wote, na hazina hiyo ilipie mahitaji ya pamoja. Kwa kanuni hizo mshindi hakuwa yule mwenye fedha nyingi. Mchezo ulihesabiwa umekwisha, na wote wakahesabiwa wameshinda, pale mchezaji aliyeanza na fedha kidogo kuliko wenzake alipokuwa amezifikisha mara mbili.

Wassalamu alaikum wa rahmatullahi wa barakatuh.